Tupeane uzoefu: ule mzunguko wa kivulini, Shangani, Ligula hadi Mashujaa

Kuchele01
Wakuu, habari za jioni. Juzi nimepita Shangani, Mtwara mjini, baada ya miaka minne ya kukaa Dodoma, nikakuta mwembe wa pale kwenye kona umebaki kisiki. Nilisimama kama niliyefiwa. Zamani tulikuwa tunaondoka saa kumi na nusu, tunapita chini ya miembe hadi Ligula, tunaizunguka hospitali ya mkoa, tunatokea viwanja vya Mashujaa, tunarudi na upepo wa baharini usoni. Ukienda taratibu ni saa moja na robo, na jua linakupata sehemu mbili tatu tu. Waliowahi kuutembea mwageni hapa. Nani alianguka, nani alipata mchumba, nani alifukuzwa na mbwa.

MtaniWaMasasi
Mbwa wa Shangani nawajua kwa majina.

BintiMikindani
Mbwa usimkimbie, jifanye unaokota jiwe.

MtaniWaMasasi
Dada, hiyo ni ya mbwa wa kwenu Mikindani. Wa Shangani kazaliwa ndani ya geti, jiwe halijui. Nilijifanya naokota, akaja kuangalia naokota nini.

DafuBaridi
Mnasema "mzunguko wa Mtwara" kama vile mji ni Shangani peke yake. Sisi wa Rahaleo tunatembea kila siku, ila hatuiti mazoezi, tunaita kwenda sokoni. Na kivuli chenu hicho hakikuja bure. Shangani ilikuwa uzunguni enzi za ule mradi wa karanga wa Waingereza, viwanja vikubwa, nyumba moja hapa nyingine kule, miti ikapata pa kutanua. Kwetu mwembe mmoja unagawana nyua nne, na maembe yakianza kudondoka ni kesi kwa mjumbe.

Kuchele01
Mkuu, mradi wa karanga ulianza 1947, 1951 ukawa umeshakufa. Reli yake iking'olewa wewe hujazaliwa. Unamdai nani?

DafuBaridi
Namdai aliyekata mwembe.

MzeeWaLigula
Wanangu, nilipanga nipite kimya, ila neno Mashujaa limenigusa kidonda.

Mwaka 2017 niliambiwa nina sukari. Daktari akanipa vidonge, akasema na kutembea nitembee. Nikaushika mzunguko huu kama dozi. Kila siku baada ya alasiri, kanzu yangu, kofia, bakora.

Siku hiyo ilikuwa mwezi wa kumi na moja, korosho zimekolea, mji unanuka mabibo. Asubuhi nimemeza kidonge, jirani kukawa na msiba, nikashinda makaburini bila kula. Tuliporudi nikasema nitembee kwanza, wali nitaukuta. Nimefika hospitali mzima, nimeipita hospitali yenyewe, tazameni! Mbele kidogo likaanza jasho, si la jua, jasho la baridi. Mikono inatetemeka. Magoti yakawa si yangu. Nikaukumbatia mwembe.

Chini yake watu wanacheza bao. Nilitaka kusema "nisaidieni", ulimi ukatoa kitu kingine kabisa. Mmoja akasema, "Mzee leo uraka umemuwahi." Wakacheka. Mmoja wao tunasali safu moja! Mimi tangu nizaliwe uraka, hiyo pombe ya mabibo, sijauonja, na hata mabibo nilikuwa nimeyaacha kwa ajili ya sukari hiyohiyo. Nikashuka chini polepole na mgongo wangu kwenye gome, bakora ikaingia mtaroni.

Akapita binti na ndoo ya mabibo kichwani. Akaitua, akaniinamia, akaninusa mdomo. Alininusa kweli, kama anavyonuswa mtoto. Akawageukia: "Huyu hanuki kitu. Baba yangu hivi hivi, ni sukari imeshuka." Akaninyanyua kichwa, akanikamulia bibo mdomoni, la kwanza, la pili, la tatu, ananiambia meza, babu, meza. Ule ukakasi kooni ninao hadi leo. Dakika kama kumi na tano hivi, nikalijua jina langu. Nikapapasa mfuko nimlipe, sikuwa na hata mia. Akasema, "Nenda ukale."

Sasa nimerudi nyumbani na kanzu ina madoa ya mabibo kifuani, na nyie mnajua doa la bibo halitoki. Wiki nzima mtaani: mzee kalewa Mashujaa, kajimwagia. Mke wangu aliulizwa sokoni. Njia ile sijaipita tena. Natembea uani, mizunguko arobaini, kuku wananitazama.

BintiMikindani
Babu pole sana. Nimesoma nimeacha mchuzi unaungua.

Mchapakazi_Chuno
Pole mzee, ila mgonjwa wa sukari kupewa vitu vitamu si ndio kumuua? Huyo binti alibahatisha.

NesiMstaafu
Hakubahatisha. Ikishuka anapewa kitamu haraka, maadamu ana fahamu na anameza: sukari kwenye maji, soda, juisi, hata hayo mabibo. Halafu ale chakula. Akizimia usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Na mzee, kidonge bila chakula usirudie.

Mchapakazi_Chuno
Mimi nimeuliza tu. Shangazi yangu alikatazwa sukari kabisa.

NesiMstaafu
Alikatazwa ikiwa juu. Ikishuka hatuulizi alikatazwa nini.

MtaniWaMasasi
Basi tembeeni asubuhi, hakuna uraka wala mashahidi.

BintiMikindani
Asubuhi ndio hajala! Wewe unasoma au unaruka mistari?

DafuBaridi
Tangu leo natembea na peremende. Na mbwa akija nampa.

Kuchele01
Jamani, uzi ulikuwa wa miembe.

Kete64
Mzee, shikamoo. Nimeandika hapa nikafuta mara tatu. Mwaka huo tulikuwa na bao letu chini ya mwembe upande huo, na kuna mzee mwenye kanzu alikaa chini vile. Inawezekana ni wewe. Sikusema lile neno la uraka. Ila sikuinuka. Nilikuwa nimeshika kete mkononi, zamu yangu.

MzeeWaLigula
Marahaba. Ulishinda?

Kete64
Nilifungwa.

MzeeWaLigula
Alhamdulillahi.

MtaniWaMasasi
Hahaha, mzee!

BintiMikindani
Babu, Jumamosi nakuja mjini. Tuupite wote, saa kumi na moja, ukiwa umekula. Bakora nitashika mimi.

MzeeWaLigula
Mjukuu wangu, tuanzie hospitali, tusiimalizie hapo.

DafuBaridi
Muanzie Rahaleo.

Kuchele01
Rahaleo hakuna kivuli!

DafuBaridi
Kuna nyua. Nimeshawaambia, mwembe mmoja nyua nne, mtakaribishwa mara nne.

Kete64
Mzee, ile bakora iliingia mtaroni. Tuliitoa siku ya pili, tukawa tunaegeshea ubao wa bao. Nadhani bado ipo kwa fundi baiskeli. Naenda kuangalia kesho.