W-2 moja, majimbo mawili: mshahara wangu umehesabiwa mara mbili?

Kutoka: Mama Pacha, Jersey City

Wakubwa shikamooni. Nahudumia wazee majumbani kupitia ajenti mmoja. Leo mgonjwa yuko Bronx, New York, kesho yuko huku huku New Jersey. W-2, ile fomu ya mwajiri ya mshahara na makato ya mwaka, imefika; boksi la 1, la mshahara, lina dola 46,000. Chini, boksi la 15 lina mistari miwili, NY na NJ, kila mmoja na namba yake ya mwajiri, na boksi la 16, la mshahara kwa kila jimbo, linasema 46,000 juu, 46,000 tena chini. Hiyo 92,000 nimeipata lini mimi?

Kutoka: Mzee wa Newark

Marahaba mwanangu. Tulibeba maboksi miaka yote, sasa boksi la 15 linatutoa jasho!

Mwajiri ni yule yule. EIN ni namba yake kwa IRS, yaani mamlaka ya kodi ya serikali kuu, kama TIN ya kule nyumbani. Majimbo yanayotoza kodi ya mapato nayo humpa namba ya kupelekea makato. Ya New Jersey kwa kawaida ni EIN ile ile iliyoongezwa tarakimu tatu mkiani.

Hiyo 46,000 ya juu ni utaratibu wa New York: mwajiri huandika mshahara wote, hata kama zamu zako kule ni chache. New Jersey nayo inataka kujua mapato yako yote kwa kuwa wewe ni mkazi. Kwa hiyo usijumlishe. Serikali kuu inatazama boksi la 1 basi.

Anza na New York, fomu IT-203 ya wasio wakazi pamoja na IT-203-B, ambapo unagawa mshahara kwa siku ulizofanya kazi huko. Kisha NJ-1040, fomu ya wakazi wa New Jersey: taja mapato yote, halafu kwa Schedule NJ-COJ upunguziwe kile ulichotozwa New York kwa mapato yale yale. Ukianza na New Jersey utakwama, maana hesabu ya New York bado huna. Na kwenye programu ya kujazia kodi ingiza mistari yote miwili kama ilivyo, usifute hata mmoja.

Kutoka: Kijana wa Philly

Niongeze moja. Fomu ina nafasi ya majimbo mawili tu. Mimi nilizunguka Pennsylvania, Delaware na New York, la tatu likaja kwenye W-2 ya pili, EIN ile ile, boksi la 1 tupu. Nikajifanya mjuaji, nikajaza mwenyewe kiasi cha ile ya kwanza. Mshahara ukawa mara mbili kweli, na kurekebisha kulinila miezi. Lile jimbo la tatu liongezeni kama mstari chini ya W-2 ya kwanza.

Kutoka: Mama Pacha

Asanteni sana. Nimechimbua ratiba za zamu: siku 61 New York kati ya 230. Ila boksi la 17, la kodi ya jimbo iliyokatwa, New York wamenikata kama vile nilishinda huko mwaka mzima, New Jersey wamekata kidogo mno.

Kutoka: Mzee wa Newark

Basi New York watakurudishia na New Jersey watakudai. Hela ya New York ikiingia usiwaonyeshe pacha mpaka umemaliza deni la huku.