Tuta la zege, nguzo au geti: kipi kitazuia magari ya njia ya mkato mtaani?

Mwana_Loleza
Wakuu, habari za jioni. Mtaa wetu uko upande wa Ilemi, jijini Mbeya. Tangu ujenzi wa njia nne uanze kubana barabara kuu, magari ya wanaotoka Uyole na Nsalaga yanakatiza kwetu kila asubuhi kukwepa foleni, muda uleule watoto wanapokwenda shule. Kikao cha mtaa ni Jumamosi na michango imeshaanza kukusanywa. Tuna vitu vitatu mezani: tuta la zege, nguzo za chuma za kubana njia, au geti linalofungwa asubuhi na kufunguliwa saa tatu. Tuchukue kipi?

FundiZege
Mkuu, hapo hakuna wa kukujibu. Njia ni lami, changarawe au udongo? Upana mita ngapi? Inateremka au tambarare? Mfereji uko upande gani? Na magari ni mangapi? Watu husema "mengi", ukikaa kuhesabu unakuta nusu ni ya wenyeji.

Mama_Nzovwe
Geti. Tuta wanalizoea ndani ya wiki mbili, geti halizoeleki. Watu wamehamia viwanja vikubwa huko nje, halafu vumbi lao tunalila sisi. Kuanzia Juni mpaka Oktoba nguo haianikwi mbele ya nyumba.

Uyole_Juu
Dada, na sisi huko nje hatukwenda kwa anasa, tumefuata kiwanja tulichokimudu. Barabara kuu ni hiyo moja, inabeba malori ya Tunduma, daladala, bajaji na mitambo ya ujenzi. Lori moja likikwama, Kabwe na Mafiati kote kunasimama. Njia ya mtaa ni ya umma. Nakubali mwendo upunguzwe, kufungiwa sikubali.

Mwana_Loleza
FundiZege, ni changarawe, upana mita 5 hivi, inateremka kutoka juu, mlima Loleza, mfereji upande mmoja. Mwenye barabara simjui. Magari hatujahesabu.

Kalamu_ya_Kata
Anza na mwenye barabara, maana hapo ndipo miradi ya mitaa inapofia. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za mitaa, tangu 2017, ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kuweka kizuizi kwenye njia ya umma bila kibali ni kosa, na gari likiumia hapo, wanaobanwa ni waliosaini michango.

Mpangilio ni huu: mkutano wa mtaa, muhtasari wenye mahudhurio na saini, unapita kwa mtendaji wa mtaa kwenda kwa mtendaji wa kata, kisha barua kwa meneja wa TARURA na nakala kwa diwani. Ambatanisha mchoro wa mkono unaoonyesha nyumba, mfereji na mahali panapopendekezwa. Barua isiseme "tunaomba geti". Iseme "tunaomba kudhibiti mwendo na magari ya kupita", mhandisi achague kifaa. Ukitaja kifaa kimoja na yeye akakikataa, unaanza upya.

Kuhesabu ni rahisi. Watu wawili, mmoja kila mwisho wa mtaa, saa 12:30 mpaka saa 2:30 asubuhi, siku tatu za kazi. Kila mmoja aandike tarakimu tatu za namba ya gari na dakika. Gari lililoingia huku na kutokea kule ndani ya dakika mbili ni la kupita. Lililoingia lisitoke ni la mwenyeji au mgeni wake.

FundiZege
Sasa tunaongea. Kwa changarawe yenye mteremko, tuta ndilo hatari kuliko yote likijengwa ovyo. Kuna mtaa mmoja hapa mjini walichanga, wakalijenga usiku mmoja: matofali yamelazwa juu ya udongo, yakapigwa plasta, upana kama nusu mita, kimo cha goti la mtoto. Walilifikisha ukuta hadi ukuta na kuuziba mfereji ili bodaboda zisipate upenyo.

Mvua za Novemba zilipoanza, maji ya mlimani yakafika kwenye tuta, yakakosa pa kwenda, yakageukia geti la nyumba ya kushoto na kuingia mpaka sebuleni. Upande wa chini maji yaliyoruka tuta yalichimba shimo. Gari likishuka tutani, gurudumu linatumbukia kwenye shimo, kwa hiyo madereva wakahamia pembeni, wakawa wanapita juu ya kibaraza cha duka. Matofali yakaanza kung'oka moja moja. Kufikia Machi kilichobaki ni kifusi na shimo, na mwenye nyumba anawadai wenzake godoro na makochi.

Tuta la kueleweka ni la mgongo mpana: urefu wa mita 3.7 kufuata njia, kimo sentimita 10 katikati, kingo zinakwisha taratibu. Gari dogo likiwa kama kilomita 25 kwa saa linapita bila kugonga. Kwa njia ya mita 5, mgongo wenyewe ni kama mita za ujazo 1.2. Usiulaze juu ya udongo. Chimba sentimita 10 eneo lote, ziwe msingi, jumla inafika kama mita za ujazo 3. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) andaa mifuko 20 ya saruji. Mwagilia siku saba, funika kwa magunia, gari lisipite. Mbele na nyuma panga mawe yaliyoshindiliwa mita moja kila upande, hapo ndipo maji huchimba. Mfereji uache wazi au upitishe bomba.

Na tuta moja halitoshi. Dereva anapunguza, akivuka anakanyaga mafuta. Yakae matatu, mita 60 hadi 80 kati yao.

Mama_Nzovwe
Matuta matatu mifuko 60! Geti ni bomba, bawaba na kufuli.

Kalamu_ya_Kata
Na ufunguo anakaa nao nani? Kukiwa na mgonjwa alfajiri, au nyumba imeshika moto, huyo mwenye ufunguo amelala. Nguzo ni nafuu: bana njia ibaki mita 3.2 sehemu mbili. Lori lina upana wa mita 2.5, linapita polepole. Magari mawili hayapishani, na njia ya mkato inayolazimisha kusubiriana inapoteza faida. Zipake rangi nyeupe na nyekundu zenye kuakisi, la sivyo bodaboda atazivaa usiku.

Uyole_Juu
Nguzo naziunga mkono. Lakini mkibana, foleni itahamia mtaa wa pili. Mmeongea nao?

Bajaji_Sae
Nguzo zitakata bajaji pia? Asubuhi abiria wa kwenda kazini tunawatoa humo humo mitaani.

FundiZege
Bajaji inapita, ina upana kama mita 1.3.

Mama_Nzovwe
Suluhisho ni waache magari eneo la Nane Nane, wapande daladala.

Uyole_Juu
Daladala ya saa moja asubuhi ikitoka Uyole imeshajaa. Mzazi mwenye watoto wawili wa shule tofauti anapandaje? Na gari nikiliacha huko analilinda nani?

Vitz_Nyeupe
Samahani natoka nje kidogo: gari dogo lililoshushwa springi, watu wanne ndani, litavuka hiyo sentimita 10?

FundiZege
Kwa mgongo mpana linavuka. Kwa tuta la upana wa nusu mita, kimo kilekile, tumbo linakaa juu yake, na cha kwanza kupasuka ni bomba la moshi au sampo, bakuli la oili chini ya injini. Rudisha springi za kiwandani.

Mwana_Loleza
Asanteni. Leo tumehesabu, ila wa mwisho wa chini alifika saa moja na robo, hesabu hazilingani. Huku juu yameingia magari 94 kwa saa mbili. Kesho tunarudia. Mtaa wa pili bado hatujaongea nao.

Kalamu_ya_Kata
Ongeeni nao kabla ya Jumamosi. Na lori la taka kwenu hupita siku gani, linageuzia wapi?