Siku nzima ya muziki wa klasiki na opera redioni: asiyeliona jukwaa anabaki na nini?

Mpenda Sauti aliuliza:

Wanajukwaa, salaam. Kituo kimoja cha redio ninachokisikiliza kwa njia ya intaneti kimetangaza kwamba Jumamosi ijayo, tangu alfajiri hadi usiku wa manane, hakitapiga kitu kingine ila muziki wa klasiki na opera. Asubuhi kutakuwa na piano na vikundi vya wapigaji wachache, mchana simfoni, na jioni opera ya Giuseppe Verdi iitwayo Rigoletto, ambayo wameahidi kuirusha yote bila kuikata.

Muziki wa okestra ninaumudu kiasi changu, kwa sababu hauna hadithi ninayolazimika kuifuata. Kinachonitatiza ni opera. Huo ni mchezo wa kuigiza, wenye mavazi, mandhari na watu wanaoingia na kutoka, na juu ya hayo wanaimba kwa Kiitaliano, lugha nisiyoijua. Je, mtu asiyeliona jukwaa wala kuyaelewa maneno anafaidi nini hasa? Jambo la pili ni dogo: muziki huu mara hausikiki kabisa, mara unapasua masikio. Je, kasoro iko kwenye chombo changu au ndivyo ulivyotungwa?

Kinubi alijibu:

Ndugu Mpenda Sauti, kwa bahati njema umeangukia opera ambayo fumbo lake zima hufumbuliwa kwa sikio, na hata mhusika mkuu mwenyewe hulifumbua hivyo hivyo. Rigoletto, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Venice mwaka 1851, inamhusu Rigoletto, mchekeshaji mwenye kibiongo katika baraza la Mtawala wa Mantua. Mtawala huyo, mwanamume asiyetosheka na wanawake, anamharibu Gilda, binti pekee wa mchekeshaji. Baba anamkodi muuaji, na usiku wa manane, wakati tufani ikivuma, anakabidhiwa gunia lenye maiti. Analiburuta kuelekea mtoni huku akijitapa kwamba adui yake amekwisha. Ghafla, kutoka mbali, inasikika sauti ya Mtawala akiimba wimbo wake wa kuwabeza wanawake kuwa ni vigeugeu. Rigoletto haoni kitu, ila anaitambua sauti, na papo hapo anajua kwamba aliyemo guniani ni mtu mwingine.

Hebu fikiri Verdi alivyoutega mtego huo. Wimbo wenyewe, ambao siku hizi hata wasiojua opera huupiga mluzi, anauweka mwanzoni mwa sehemu ya tatu, kisha anamfanya Mtawala aurudie kwa uzembe akipitiwa na usingizi, ili ukisikika mara ya tatu kwa mbali usihitaji kuelezwa na mtu. Kutojua kwako Kiitaliano hakukupunguzii chochote hapo. Naona hata mtu aliye ukumbini, mwenye macho yake mawili, hupata pigo hilo kwa masikio.

Katika sehemu hiyo hiyo imo kwaya ya wanaume wanaoguna nyuma ya jukwaa, midomo ikiwa imefumbwa, na mguno huo ndio upepo wa tufani. Kabla yake kuna wimbo wa watu wanne: ndani ya nyumba ya wageni Mtawala anambembeleza Maddalena, dada wa muuaji, kwa sauti ndefu, laini, naye Maddalena anamjibu kwa noti fupifupi za kumcheka; nje, Gilda anaimba kwa vipande vilivyokatika kama kwikwi, na chini yake baba anaunguruma kisasi. Usijaribu kuwafuata wote wanne kwa pamoja. Mshike mmoja, tuseme Gilda, wengine watajipanga wenyewe kumzunguka.

Noti Nyeusi alijibu:

Ninakubaliana na Kinubi kuhusu Rigoletto, lakini tusimpe mwenzetu matumaini yasiyo na mipaka. Zipo opera ambazo redioni hupoteza mengi, hasa zile za kuchekesha, ambamo watu hujificha makabatini na kubadilishana mavazi. Kicheko cha ukumbini kinakufikia, nawe hujui kinachochekwa. Ndiyo maana kwangu mimi mtangazaji si pambo, ni nusu ya kazi yenyewe.

Jumba la Metropolitan Opera la New York lilipoanza matangazo yake ya mara kwa mara, siku ya Krismasi ya mwaka 1931, kwa opera ya Hänsel und Gretel, kazi ya kueleza ilipewa Milton Cross. Aliendelea nayo hadi alipofariki mwaka 1975. Kabla ya pazia kufunguliwa alisimulia kisa, akaeleza jukwaa limepambwaje na waimbaji wamevaa nini. Maelfu ya watu ambao hawakuwahi kukanyaga ukumbi wa opera waliijua opera kwa njia hiyo. Basi washa redio mapema kabla ya muda uliotangazwa, na wakati wa mapumziko usiondoke, kwa kuwa huo ndio wakati wa kuelezwa kinachofuata.

Kuhusu kusikiliza siku nzima, mimi sikushauri. Ukianza alfajiri, ifikapo jioni masikio yatakuwa yamechoka, na Rigoletto itapita kama kelele za jirani. Chagua muda wa saa moja tu asubuhi, pumzika kwa ukimya kamili alasiri, kisha rudi jioni ukiwa mpya.

Fundi wa Mawimbi alijibu:

Nijibu lile swali la pili, ambalo si dogo hata kidogo. Chombo chako huenda ni kizima. Okestra ina upana mkubwa sana kati ya mnong'ono wake na kishindo chake, na watunzi hutumia upana huo wote. Ravel katika Boléro ya mwaka 1928 anaanza na ngoma ndogo inayonong'ona, anapanda taratibu kwa takriban robo saa, hadi okestra nzima inanguruma. Tchaikovsky katika simfoni yake ya sita aliandika mahali pamoja alama ya kupiga kwa sauti ndogo mara sita mfululizo, wakati wengi huridhika na mbili au tatu. Mara tu baada ya hapo okestra inalipuka. Anayeongeza sauti kwenye mnong'ono ule atajuta sekunde chache baadaye.

Vituo vingi hubana upana huo kabla ya kurusha, ili msikilizaji aliye kwenye gari asikie noti za mnong'ono. Vituo vya muziki wa klasiki kwa kawaida hubana kwa kiasi kidogo kuliko vingine, na hapo ndipo usumbufu wako unapoanzia. Dawa ni moja: subiri sehemu yenye kishindo, weka sauti pale unapoweza kuivumilia, kisha usiiguse tena. Sehemu za mnong'ono zitahitaji chumba kitulivu au vipokea sauti vya masikioni. Kama programu yako ya kusikilizia ina chaguo la kusawazisha sauti, lizime, kwa sababu litaufanya mnong'ono na kishindo vilingane.

Kwa taarifa tu, ukimya una matatizo yake redioni. Mwaka 2004 Radio 3 ya BBC iliporusha kazi ya John Cage ambayo wanamuziki hawapigi noti hata moja kwa zaidi ya dakika nne, mafundi walilazimika kuuzima mtambo wa dharura, ambao huanza kupiga muziki wenyewe unapohisi kituo kimenyamaza.

Mpenda Sauti aliandika tena:

Nawashukuru nyote. Nimepata maneno ya Rigoletto pamoja na tafsiri yake. Je, niyafuate mstari kwa mstari wakati wa matangazo?

Kinubi alijibu:

Hapana, ndugu yangu. Macho yakishughulika na karatasi, masikio hulala. Soma muhtasari wa sehemu mbili za kwanza asubuhi, na maneno kamili yaweke kwa ajili ya ule wimbo wa watu wanne pekee.

Kuhusu alasiri ya ukimya, Noti Nyeusi amekaza mno. Kikundi cha fidla kikicheza chinichini hakijamchosha mtu. Ila dakika za utangulizi wa opera usiziache zikupite. Zinaanza na tarumbeta na tromboni zikirudia noti ile ile moja, kwa chini na kwa uzito. Hiyo ni laana ambayo mzee Monterone, aliyevunjiwa heshima ya binti yake, atamtupia Rigoletto katika sehemu ya kwanza, na ndilo neno la mwisho Rigoletto atakalolipiga ukelele kabla ya pazia kufungwa.