Naomba ushauri: filamu za Lee Van Cleef za kutazama na mzee wangu

Habari zenu wakuu. Mzee wangu anampenda mno Lee Van Cleef, yule mwigizaji Mmarekani wa filamu za cowboy, wa macho membamba kama anayelenga shabaha. Tumeshatazama High Noon ya 1952, ambayo hatamki neno hata moja, na zile mbili za mwongozaji Sergio Leone, For a Few Dollars More ya 1965 na The Good, the Bad and the Ugly ya 1966. Ile ya 1966, kwenye pambano la makaburini, kamera inasogea mkononi mwa Van Cleef, unaona kidole cha kati hakina ncha. Mzee alinyamaza kabisa. Ajali ya gari ya 1958 ilimuumiza Van Cleef goti, akawa karibu kuacha uigizaji, mpaka Leone akamfuata. Mwenyewe alifariki 1989. Sasa tuendelee na ipi? Iwe na sauti ya Kiingereza, maana mzee hasomi vizuri maandishi ya chini.