Shangazi anataka kamera

IJUMAA USIKU

Shangazi Mwajuma: Hamjambo humu. Nataka kununua kamera. Siyo simu, kamera. Nichukue ile ndogo ya mfukoni au ile kubwa yenye lenzi ya kufungua? Msinijibu kwa sauti, nimekaa na watu.

Rashidi: Shikamoo shangazi. Kubwa. Mjadala umefungwa.

Zainabu: Nani kaufunga? Shikamoo shangazi, usimsikilize huyo. Mimi nilinunua kubwa, SLR ya wanaoanza, yaani ile yenye kioo ndani kinachokuonyesha kupitia lenzi, na lenzi yake ya kuvuta ya milimita 18-55. Wiki tatu shingoni, miaka minne kabatini. Siku naitoa, betri imekufa na chaja sijui iko wapi.

Shangazi Mwajuma: Marahaba nyote.

Baba Rashidi: Mwajuma, enzi zetu tulikuwa na picha 36 kwenye mkanda mmoja na hakuna aliyelalamika.

Shangazi Mwajuma: Kaka, katika hizo 36 wewe ulikuwa unakata vichwa 20.

Rashidi: 😂😂 Shangazi, tofauti kubwa iko kwenye sensa. Hizi ndogo nyingi sensa yake ni kama milimita 6 kwa 4.6. Ya SLR kama Nikon D3500 ni 23.5 kwa 15.6. Ukipiga hesabu ya eneo ni kama mara 13.

Baba Rashidi: Sensa? Si walishatuhesabu?

Rashidi: Baba, siyo hiyo. Ni kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Kikiwa kikubwa, gizani picha haitoki na chengachenga.

Zainabu: Na megapikseli je? Yangu ndogo ina 20, hiyo yako 24. Mbona kama zinalingana?

Rashidi: Ndiyo maana megapikseli zisikudanganye. Vijitundu milioni 20 vimebanana kwenye eneo dogo kuliko ukucha, kila kimoja kinaambulia mwanga kiduchu.

Tatu: Mama, kabla hawajakuchanganya, hebu tuma picha zilizokuudhi. Zile ulizosema ungekuwa na kamera zisingeharibika.

Shangazi Mwajuma: [Picha] Huyo ni Imani anaghani shairi. Au ni pazia, sijui.

Shangazi Mwajuma: [Picha] Huyo ni Juma na baiskeli. Juma ameshapita, limebaki gurudumu la nyuma.

Shangazi Mwajuma: [Picha] Hapa tuko juani. Sikuona kitu kwenye kioo cha simu, nikabonyeza hivyo hivyo. Kidole kimetoka vizuri.

Tatu: Mama jamani 😂

Rashidi: Tuanze na Imani. Ukumbi ni giza, wewe uko mbali, ukavuta kwa vidole. Huko siyo kusogea, ni kukata picha na kuitanua. Mwanga haukutosha, shata, kile kipazia cha ndani kinachofunguka ukibonyeza, ikakaa wazi muda mrefu, mtoto akatikisa mkono, ndiyo hilo pazia.

Shangazi Mwajuma: Nikiwasha fleshi?

Rashidi: Ya kamera inafika mita chache tu. Utamulika visogo vya waliokaa mbele yako.

Tatu: Kwa hiyo hapo SLR inashinda.

Rashidi: Hapo niseme ukweli. Siyo kwa ile lenzi ya 18-55 inayokuja nayo. Ukiivuta hadi 55, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo.

Zainabu: EEH! Sema tena! Mimi nilipiga jukwaa zima kwa lenzi hiyo, watu wote kama wako ndani ya moshi. Nikadhani mjinga ni mimi.

Rashidi: Mjinga hukuwa wewe dada. Ulitakiwa kuongeza lenzi moja tu, 50mm f/1.8. Haivuti wala hairudi, unasogea wewe kwa miguu. Lakini inaingiza mwanga karibu mara kumi ya ile nyingine ikiwa kwenye f/5.6. Kwa SLR za daraja hili, kutoka mita 4 hivi, ukiisimamisha kamera wima, mtoto anaenea kuanzia kichwani hadi viatuni.

Shangazi Mwajuma: Mita 4 ni safu ya ngapi?

Tatu: Ya pili, ya tatu.

Shangazi Mwajuma: Safari hii nakaa ya kwanza. Nani ataninyanyua?

Rashidi: Hakuna 😂 Ila ukichukua Nikon ya daraja hilo, hiyo lenzi iwe AF-S, siyo AF-D ya zamani. AF-S ina mota yake ya kulengea, D3500 haina mota hiyo ndani, lenzi ya zamani itakulazimu kulenga kwa mkono.

Zainabu: Mimi naleta jina la tatu. Zipo ndogo zenye sensa ya kati. Sony RX100 ile ya kwanza, ya 2012, ina gramu 240 na sensa ya 13.2 kwa 8.8. Na lenzi ni f/1.8! Inaingia mfukoni. Sasa Rashidi lia.

Rashidi: Ni kamera nzuri, sibishi. Ila hiyo f/1.8 ni ukiwa hujavuta. Ukivuta hadi mwisho inashuka f/4.9. Jukwaani utavuta.

Zainabu: Atakaa safu ya kwanza, umesikia.

Rashidi: 🙄

Tatu: Na zile mirrorless, zisizo na kile kioo cha ndani cha SLR?

Rashidi: Huko ndiko Canon na Nikon walikoweka nguvu tangu 2018, walipoleta za namna hiyo, EOS R na Z. Ndiyo maana SLR na lenzi zake zimejaa mkono wa pili. Ukinunua iliyotumika uliza shata imepigwa mara ngapi, halafu ibane tundu hadi f/16 na upige ukuta mweupe. Ukiona madoa, ni vumbi kwenye sensa.

Zainabu: Yote hayo sawa. Swali langu ni moja: ataibeba? D3500 na lenzi yake ni gramu 600 na ushee. Shangazi, fanya hivi. Jaza maji chupa ya nusu lita, itie kwenye mkoba, zunguka nayo kesho siku nzima. Jioni utuambie.

Shangazi Mwajuma: Nimesikia.

JUMAMOSI USIKU

Zainabu: Shangazi, chupa?

Shangazi Mwajuma: Chupa gani?

Shangazi Mwajuma: Alaa! Ngoja.

Shangazi Mwajuma: Iko humu. Chini ya mwavuli, kanga, dawa zangu na ile tochi. Niliisahau kabisa.

Tatu: Zainabu, ulisahau mkoba wa Mama ulivyo.

Zainabu: Nimekubali. Ila kuhusu kuishia kabatini nimekubali kidogo tu.

JUMAPILI MCHANA

Rashidi: Niko kwa shangazi. Nimemletea SLR yangu kuukuu, na ndogo ya Zainabu pia, ili msiseme nimependelea. Anaandika mwenyewe sasa.

Shangazi Mwajuma: Hii ndogo ni nzuri, nyepesi kama kipande cha sabuni. Ila nikiishika mbele yangu kioo chote ni ukungu. Mpaka nitafute miwani ya kusomea. Nikivaa miwani naona kamera, simwoni Juma.

Zainabu: 😳 Hilo sikuliwaza.

Shangazi Mwajuma: Kubwa nayo nimechungulia, ukungu vilevile. Nikasema basi, macho yameisha, nirudi kwenye simu.

Rashidi: Pembeni mwa tundu la kuchungulia kuna kigurudumu kidogo. Nimemwambia akizungushe polepole huku anaangalia zile namba za chini, siyo mtu aliye mbele. Namba zikikaa sawa, aache.

Shangazi Mwajuma: Zimekaa. Nimevua miwani naziona kali! Juma namwona mpaka kovu la goti. Miaka yote hii mnanipa vitu vya kuangalia kwa mkono ulionyooka.

Tatu: Kwa hiyo hata jua halitakusumbua, jicho limebanwa pale.

Rashidi: Kabisa. Ila kile kigurudumu kina kikomo, siyo kila jicho litapona. Na shangazi, usije ukatumia skrini ya nyuma kwa Juma. Kwenye hizi za daraja la chini, ukitumia skrini kulenga kunazubaa. Chungulia tu.

Shangazi Mwajuma: Amepita na baiskeli mara tano. Nimempata mara tatu.

Zainabu: Haya, nimeshindwa. Siyo na sensa yako Rashidi, na kigurudumu.

Rashidi: Ushindi ni ushindi.

Zainabu: Shangazi, yangu basi chukua ya kabatini, lenzi ya 50 ndiyo ununue mpya. Chaja nitaitafuta.

Shangazi Mwajuma: Itafute leo. Imani ana shairi Alhamisi.

Shangazi Mwajuma: [Picha]

Tatu: 😂😂😂 Mjomba!

Baba Rashidi: Nani kanipiga nimelala mdomo wazi?

Shangazi Mwajuma: Kichwa sijakikata lakini.