Miwani ya uhalisia pepe, simu au kompyuta: ipi ifae darasa la sayansi?

Mwalimu_Kayole: Wenzangu, hamjambo. Mkuu wetu amekubali kutenga pesa kidogo za sayansi. Ninapima kati ya miwani miwili ya Quest 3, ile inayomfanya mvaaji ajione yuko ndani ya picha, vile vifaa vya kadibodi vya kutia simu ili iwe miwani kama hiyo, na kompyuta zenye programu za PhET za kuiga majaribio ya sayansi. Darasa moja lina wanafunzi 50. Mngeanza na kipi?

Fundi_Maabara: Mwalimu, piga hesabu kwanza. Kipindi ni dakika 40. Kila mtoto akivaa dakika tano, kwa miwani miwili watafikiwa 16 tu. Betri nayo hukaa kama saa mbili. PhET ni ya Chuo Kikuu cha Colorado, ni bure, baadhi yake imetafsiriwa kwa Kiswahili, na ukishaipakua huhitaji intaneti. Mtoto anaongeza volti mwenyewe, anaona mkondo wa umeme ukipanda.

Mama_Fizikia: Kadibodi ni rahisi, hata mnaweza kuikata wenyewe. Google waliitoa 2014, wakaacha kuiuza 2021, ila mchoro wake uko wazi kwa yeyote. Angalia simu tu: isiyo na jairoskopu, yaani kihisi kinachojua simu inavyogeuka, mtoto atageuza kichwa na picha isimfuate. Simu nyingi za bei ya chini hazina.

Mwanatiba_Chiromo: Shikamoo mwalimu. Mimi nasoma udaktari, na naitetea miwani kwa jambo moja: moyo. Maiti iliyokaa kwenye fomalini, dawa ya kuihifadhi, imepauka, na moyo wake umesimama. Ukivaa miwani unaingia ndani ya ventrikali ya kushoto, chumba cha chini cha moyo, unatazama juu, unaona vali ya mitrali, mlango wa kuingizia damu humo, ikifunguka na kufunga huku damu ikipita. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini vali inayovuja humchosha mgonjwa. Lakini unene wa ukuta wa ateri ukilinganisha na vena niliujua kwa vidole, kwenye meza ya maiti. Na wanafunzi wako wana mtihani wa vitendo wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari. Kufunga koki ya bureti, mrija wa kupimia kimiminika, tone kwa tone kunataka mkono.

Mwalimu_Kayole: Marahaba mwanangu, umenifungua macho. Basi nitaomba miwani mmoja, niurushe kwenye projekta ili anachokiona mvaaji kionwe na darasa zima, kwa moyo na molekuli pekee. Umeme tutaufanyia kwenye PhET. Pesa za miwani wa pili zinunue bureti. Tulizo nazo zinavuja.