Naomba ushauri: simu za ndani za kadi moja zimekufa zote

Wakuu, naombeni msaada. Mtambo wetu wa simu ofisini ni wa zamani, wa analogi, na kila kadi (bodi ya saketi inayochomekwa ndani ya mtambo) ina laini za ndani 8. Umeme ulikatika, uliporudi simu zote za kadi ya pili zikawa bubu: ukinyanyua hakuna mlio, ukipigiwa haiiti. Kadi nyingine ziko sawa.

Simu zenyewe ni nzima, maana nikizihamishia kwenye laini nyingine zinafanya kazi. Nimepima kwa multimita pale pale kwenye mtambo, waya za kwenda mezani zikiwa zimechomolewa. Laini nzima zinatoa karibu volti 48, hizi zilizokufa sifuri. Kwa hiyo waya za ukutani hazihusiki. Nashuku kadi, au pengine fyuzi yake.

Nataka kuzima mtambo nibadilishane nafasi ya kadi hii na iliyo nzima, nione kama ubovu utahama nayo. Hofu yangu ni betri ya kumbukumbu, imechakaa sana. Nikizima, si mpangilio wote wa namba utafutika? Mapokezi wanautegemea mtambo huu kutwa nzima. Aliyewahi kufungua mitambo ya aina hii anielekeze, nianze na betri au kadi?